Jina Lililoandikwa kwa Wanja

Juzi nilikwenda uwanja wa Tononoka, kwenye maombi ya kuwakumbuka wanafunzi waliouawa na magaidi chuoni kwao, nikiwa nimejivika uso wa mwandishi mkubwa. Majina yalipoanza kusomwa, nikalia kuliko wafiwa. Mama mmoja wa bara, mwenye msalaba shingoni, akanipa kitambaa chake nipanguse machozi.

"Pole, kaka. Ulimpoteza nani?"

"Sikumpoteza mtu, dada," nikajibu kwa haya. "Nimekuja kuandika gazetini."

"Basi andika jina la binti yangu. Liandike vizuri, maana kila mwaka magazeti hulikosea."

Nikapapasa mifuko yote. Mwandishi mkubwa hakuja na kalamu! Bi mkubwa wa buibui aliyeketi ubavuni mwake akafungua mkoba, akanipa penseli yake ya wanja.

"Shika, mwanangu. Andika. Huyo mtoto ni wetu sote."

Nikaandika kiganjani, nikakosea. Mama akanitajia herufi moja moja, na bi mkubwa akanishikia kiganja wazi, mpaka jina likatimia.

Miaka ishirini naandika magazetini, na sijapata kuogopa kukosea neno kama lile.