Radhi Zilipita Mkononi Mwangu

Mgongo ndio ulionipeleka kwa yule mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Nilikuwa nashona kwenye baraza ya duka lake, mjini Morogoro, na tangu mama yangu apigwe na kiharusi nilikuwa namwinua peke yangu kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni nikirudi. Mama alikuwa mtu wa Kinole, aliyezoea kupanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani, na mwili wake haukuwa mwepesi. Siku moja nilitaka kusimama kwenye cherehani nikashindwa. Mwenye duka aliniona nimeng'ang'ania meza.

"Njoo ndani, binti," akasema. "Utavunjika hapo."

Nyuma ya duka palikuwa na chumba chenye sanamu zake za ibada na taa ndogo ya mafuta. Akatandika mkeka. Akanifundisha kupiga magoti na kukunja mgongo kama paka, kulala kifudifudi na kuinua kifua, kisha kukaa kimya nikisikiliza pumzi yangu tu. Nilimwambia mapema, "Mimi Mwislamu, mama. Hayo ya sanamu siyawezi."

Akacheka. "Nani kakuomba? Mgongo hauna dini."

Aliyaita yoga, nami nilidhani ni mazoezi ya viungo, basi. Mgongo ulipoanza kulegea akaniambia viungo ni mlango tu. Wazee wao wa kale kule India, alisema, walifundisha kwamba kazi nayo ni yoga, mtu akiifanya kwa moyo wote halafu akaacha tunda lake kwa Mungu. Na kumpenda Mungu ni yoga, hata ukiwa unasugua sufuria.

"Ukimwosha mama yako," akasema, "mwoshe kama ninavyoosha hizi sanamu zangu asubuhi. Kuhudumia ni kwako. Kushukuriwa si kwako."

Sikuona ugeni wowote. Madrasa tulifundishwa nia, kwamba jema ulilolifanya ili usifiwe limeshalipwa kwa hizo sifa. Nikaona maneno yake na yetu ni ndugu.

Basi nikayatenda. Nataka nieleweke hapa, maana watu hudhani aliyekasirika hakujaribu. Nilipasha maji, nikayapima kwa kiwiko, nikamwosha mama kuanzia usoni hadi katikati ya vidole vya miguu. Nilimgeuza ubavu asipate vidonda, na hakuwahi kupata hata kimoja. Nilimpondea magimbi mpaka yakawa laini kama uji, nikamlisha kwa kijiko kidogo. Alipotema nilifuta. Zilikuwepo asubuhi ambazo kweli niliona kama ninaswali kwa mikono, na nilitoka chumbani kwake nikiwa mwepesi. Hizo sizikani.

Kaka yangu mkubwa yuko Turiani, analima mpunga. Tumezaliwa wawili tu. Turiani si Ulaya, ukiondoka asubuhi mchana uko Morogoro. Lakini kulikuwa na mvua, kulikuwa na ndege shambani, kulikuwa na mavuno, na mavuno yakiisha kulikuwa na malaria. Katika zile siku zangu nyepesi nilikosea nikamsimulia maneno ya mwenye duka, kwa majivuno kidogo. Aliyashika vizuri kuliko mimi. Nilipompigia kumwambia nimechoka, aje hata Idi moja anipokee, alinijibu kwa upole kabisa:

"Dada yangu, si ulisema hutaki shukrani? Sasa mbona unahesabu?"

Nilirudi kupasha maji.

Ugonjwa ulimla mama kumbukumbu kidogo kidogo. Kiswahili kilianza kumtoka, akawa anachanganya na Kiluguru cha utoto wake. Halafu na mimi nikamtoka. Asubuhi moja nilikuwa namkausha mgongo akageuza shingo, akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu wa kuajiriwa.

"Dada," akasema, "mwanangu amekuja?"

Dada, yaani dada wa kazi. Tangu siku hiyo sikuwa na jina lingine. Jina la kaka halikumtoka hata siku moja.

Karibu na mwisho, kaka alipiga simu mchana. Nilifungua sauti ya nje, nikaishika simu karibu na mdomo wa mama kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa umekufa na wa pili ulitetemeka. Aliposikia sauti ya kaka uso ulimchangamka. Sikuwa nimeuona uso ule kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, na maneno yalitoka safi, "wewe ndiye umenilea uzeeni. Nakupa radhi zangu zote. Zote. Sijabakiza."

Nilingoja aseme, mama, anayekulea yuko hapo pembeni yako. Aliitikia, "Ahsante, mama."

Mkono wangu ndio ulioshika simu. Radhi zilipita mkononi mwangu kwenda Turiani.

Mama alipofariki kaka alifika upesi. Alikaa mkekani na wanaume, akapokea pole. Siku ya hitima alisimama mbele ya watu akasema mama ameondoka amemwachia radhi zake zote, na mjomba akaitikia, "Mtoto wa kiume ni nguzo." Nilisikia nikiwa uani, nagawa pilau kwenye sinia. Wanawake walioniona nikimbeba mama walitazama chini. Nikajaza sinia nyingine.

Nilipomaliza arobaini nilikwenda kwa mwenye duka. Sikukaa mkekani. Nilimweleza yote nimesimama.

"Tunda ulilitaka," akasema taratibu. "Ndiyo maana linauma."

"Ndiyo, nalitaka," nikamwambia. "Nililitaka mwanzo mpaka mwisho. Na wewe je? Watoto wako wako Kanada. Wakimwita mwanamke mwingine mama, na wewe unasikia, utakaa hapo ufuate pumzi?"

Alitengeneza utambi wa taa ambao haukuwa na shida yoyote. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu.

"Sijui, binti," akasema. "Mimi nimefundishwa tu. Sijajaribiwa."

Nilimheshimu kwa jibu hilo, lakini sikurudi tena kwenye kile chumba. Nashona nyumbani sasa. Mazoezi ya mgongo nayafanya kwa sababu yanasaidia, kama mtu anavyokunywa dawa.

Juzi jirani alinijia uani. Mama mkwe wake ameanguka, haongei, na mawifi wamemwachia yeye. Alisema mtaa mzima unakumbuka nilivyomtunza mama.

"Hebu nifundishe," akasema. "Ulifanyaje usichoke?"

"Nilichoka," nikamwambia. "Waite wifi zako leo, kabla hujazoeleka."

Akanitazama kama niliyemnyima kitu, akaaga, akaondoka.