Pete Sita za Fimbo ya Baba

Enzi zetu, mtoto wa mtaa wa Kasingirima aliijua Jumamosi kwa mambo matatu: hakuna shule, mawese yananukia kila uani, na wenzake wanacheza rede barabarani. Mimi niliijua kwa jambo la nne. Baba aliniita nilete kikombe cha maji ya bomba, kipande cha pamba ya godoro na kichupa cha mafuta ya cherehani.

Baba alikuwa fundi wa reli. Alihamishiwa Kigoma kutoka Tanga, akaja na fimbo yake ya kuvulia samaki baharini. Fimbo hiyo ilikuwa na pete sita za chuma ambazo mshipi hupita ndani yake, kubwa karibu na mkono, ndogo kabisa nchani. Kule Tanga alifundishwa kwamba maji ya chumvi yakikauka kwenye pete huleta kutu, kutu hukwaruza mshipi, na mshipi hukatika siku ile ile anaponaswa samaki wa maana. Kwa hiyo kila alipotoka kuvua, pete zilioshwa. "Chumvi haina rafiki," alisema, nasi tuliitikia, ingawa tuliishi kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake tulipikia chai.

Utaratibu haukubadilika. Unaosha kila pete, unaikausha, unapitisha pamba ndani yake taratibu. Pamba ikinasa, kuna ufa. Mwisho unatia tone moja la mafuta, halafu unalifuta lote, mpaka unajiuliza ulilitia la nini. Siku moja nilishuka ufukweni nikaonja maji, nikarudi na taarifa.

"Baba, ziwa halina chumvi."

"Umeonja lote?"

Nikaendelea kuosha. Maji ya bomba nayo yalivutwa kutoka ziwani, lakini hilo sikulitaja.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Waliokuwepo wanakumbuka: ukiamka, jirani ana watoto wanane, jana alikuwa na watatu. Kwetu alifikia Mzee Nestori, mvuvi wa Rumonge, jamaa ya mama kwa upande wa bibi, pamoja na mkewe Mama Consolata na watoto wao. Walilala sebuleni. Mtumbwi na nyavu vilibaki Burundi. Wiki ya pili Mzee Nestori alianza kula ugali mtupu wa muhogo, mboga akiwasogezea watoto. Mama alipomuuliza, alisema, "Tangu nioe sijala samaki wa mwanamume mwingine. Naomba ile fimbo."

Fimbo ile hata mama hakuruhusiwa kuipangusa vumbi. Baba alifikiri mpaka ugali ukaisha.

"Anayeivulia anaiosha," alisema.

Mzee Nestori aliitazama fimbo, akakitazama kikombe. Alikuwa amelivua ziwa hilo tangu utotoni. "Sawa, Baba Zuhura," alisema, akimwita baba kwa jina langu.

Alirudi na samaki wanne aina ya kuhe, siku hiyo akala mboga. Pete aliziosha. Ila aliona aibu kumalizia watu kichupa chao cha mafuta, basi akatumia mawese ya mkewe. Akayapaka kwa ukarimu.

Asubuhi sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka ukutani hadi kwenye fimbo, na panya walikuwa wamekula nyuzi zilizofunga pete. Mbili zilikuwa zinaning'inia. Baba alikuwa kazini. Mama Consolata akaanza kukunja khanga zao.

Mzee Nestori aliketi kizingitini. Akatoa mfukoni kipande cha uzi wa nyavu, kitu pekee kilichosalia katika nyavu zake, akaanza kuzifunga pete upya, zote sita, mpaka adhuhuri. Baba aliporudi alionyeshwa. Aliomba pamba. Akaipitisha pete moja baada ya nyingine, nyumba nzima imesimama.

"Mawese ni ya mboga," alisema. Halafu akasema, "Jumamosi ijayo uwahi, samaki hawasubiri."

Mama Consolata akazikunjua khanga.

Baadaye ikaja amri kwamba wakimbizi wote wa mjini wapelekwe kambini. Lori likaja asubuhi. Mzee Nestori alikuwa ameshapanda, baba akampandishia fimbo.

"Baba Zuhura, nasikia huko hakuna ziwa."

"Basi haitapata chumvi."

Lori lilishika njia ya Mwandiga, ncha ya fimbo imechomoza juu ya vichwa vya watu.

Nilikuwa nimeshamaliza shule waliporudi, wakiwa njiani kwenda bandarini kurejea kwao. Mzee Nestori alikabidhi fimbo kabla hajaketi. Baba aliomba pamba kabla ya chai. Pete zote sita ziliipitisha.

"Angalia vizuri, shemeji!" Mama Consolata alisema. "Mimi kwenye foleni ya maji tangu alfajiri, nikifika na ndoo, huyu anachota kikombe. Kila Jumamosi! Anaosha fimbo isiyojua hata dimbwi!"

"Tuliahidiana," alisema Mzee Nestori.

Baba alizikagua zile nyuzi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamrudishia fimbo.

"Rumonge kuna ziwa," alisema. "Sasa ndiyo uioshe."

"Murakoze," alishukuru Mzee Nestori kwa Kirundi, akaipokea kwa mikono miwili.

Siku hizi mwanangu ana fimbo yake. Akitoka kuvua anaisukuma uvunguni, pete zimejaa magamba. Pete ikikwaruza, anaagiza nyingine kwa simu, inafika kabla ya samaki kuiva. Sisi kitu kilikuwa kimoja, na aliyekuachia alijua umekiweka wapi. Jumamosi iliyopita nilimwekea kikombe cha maji, pamba na kichupa, nikamwambia chumvi haina rafiki. Alivitazama akacheka.

"Lakini mama, ziwa hili halina chumvi."

"Umeonja lote?"