Bega la Kushoto Lapigiwa Kura

Dada yangu ni fundi cherehani, na tangu nimjue hajawahi kukosea kipimo. Nguo ikikataa kukaa, basi kitambaa kina kasoro. Kitambaa kikiwa kizima, mteja alipumua wakati wa kupimwa. Ukitaka kubishana naye subiri awe na pini mdomoni, maana hapo tu ndipo hujibu kwa kichwa.

Kompyuta anaijua kwa kuipangusa vumbi. Hata hivyo, kwa miaka sita amekuwa nguzo ya programu inayotumiwa na mafundi katika nchi ambazo ukimpa ramani atakuonyesha bahari. Programu yenyewe inaitwa Mkasi. Unaipa vipimo vya mtu, nayo inakuchorea vipande vya nguo, unachapisha, unalaza juu ya kitambaa, unakata.

Mkasi ulianzia hapa hapa dukani, kati ya ovaloki na meza ya pasi. Kijana mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mtaalamu, alileta suruali ipunguzwe, akakaa kusubiri, akamwona dada anachora blauzi kwa chaki juu ya karatasi ya kaki.

"Dada, hii si ni hesabu tu?" akasema.

"Kama ni hesabu tu, chora wewe."

Baada ya wiki tatu akarudi na kompyuta yake na karatasi ndefu iliyoungwa kwa gundi. Dada akaitazama, akasema shimo la mkono lile lingemfaa mbuzi. Mtaalamu akaenda kurekebisha. Akarudi. Akatukanwa tena. Mwaka mzima ukapita hivyo, na kila tusi la dada lilikuwa sahihisho. Programu iliposimama, Mtaalamu akaiacha iwe huria: yeyote auone msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, autumie bure, aurekebishe akiweza, na arudishe alichorekebisha ili wengine nao wafaidi. Watu wakaja, wakaanzisha kundi la mazungumzo, wakajiita jumuiya. Mimi kazi yangu dukani ni vifungo na kaunta. Kwenye jumuiya kazi yangu ilikuwa kuandika anachosema dada, baada ya kuchuja matusi.

Sasa kuhusu bega. Bega ni langu. Nikiwa na miaka saba nilivunjika mfupa wa mtulinga, ukaungwa na mtu aliyekuwa na haraka zake. Tangu hapo bega langu la kushoto ni fupi na limeshuka. Nguo za dukani zote hunikaa kama nimeziazima, na ujana wangu wote nimetembea na mtandio upande mmoja, jua liwake lisiwake. Dada ndiye mtu wa kwanza kunishonea blauzi iliyotulia mwilini. Mtaalamu alipoweka kipimo kimoja cha bega kwenye Mkasi, dada alimwambia hataendelea naye hata neno moja mpaka viwe viwili, kulia na kushoto. Vikawa viwili.

Jumuiya ilipofika watu mia nne ikapata ugonjwa wa watu mia nne: kila mmoja anataka kusema na hakuna anayetaka kufagia. Nisiwe mchoyo wa haki, mabadiliko yalihitajika. Marekebisho yote yalikuwa yakimsubiri Mtaalamu peke yake ayaidhinishe. Mtaalamu alikuwa na ajira, mke, na mapacha wachanga. Maombi mia na themanini yalilala kwenye foleni, mengine yametimiza mwaka, na jibu lake kwa yote lilikuwa "nitaangalia."

Ndipo akatokea bwana tuliyempa jina la Katiba. Yeye ni mwanasheria aliyejifunza kuandika programu baada ya kuichoka mahakama, au mahakama kumchoka yeye. Alituandikia muundo mpya wa kurasa thelathini na nane. Kamati kumi na moja, na miongoni mwake ipo Kamati ya Kuratibu Kamati, sikutanii. Vyeo vinne: Mtazamaji, Mchangiaji, Mhakiki na Mlezi. Cheo kitatolewa kwa kuhesabu mistari ya msimbo ambayo mtu ameandika. Mistari ya dada ilikuwa sifuri.

Tulijua siku nilipojaribu kutuma lalamiko lake kuhusu mikono mipana. Nikabonyeza, likaja jibu kwamba akaunti ya dada haina ruhusa ya kuandika kwenye kundi.

"Wanasemaje?" dada akauliza.

"Wanasema wewe ni Mtazamaji."

"Natazama nini?"

"Wao."

Akacheka, akaendelea kupindia sketi. Aliacha kucheka nilipomsomea tangazo lililofuata. Kamati ya Urahisishaji ilikuwa imepitisha kwamba mabega mawili yawe moja. Sababu: watumiaji wengi huingiza namba ileile pande zote mbili, kwa hiyo kipimo cha pili ni mzigo. Mabadiliko yangeingizwa Jumatatu.

"Wanaingiza namba ileile kwa sababu wanapima bega moja na kunakili," dada akasema. "Uvivu nao siku hizi ni takwimu."

Najua ni ujinga kulia kwa sababu ya kisanduku kwenye kompyuta, na kwa kweli sikulia, lakini niliumia. Watu kumi na saba wa kamati ile, ambao hawajawahi kuniona, walikuwa wamekaa wakapiga kura kwamba bega langu ni mzigo.

Ijumaa Mtaalamu akapita dukani, amenyong'onyea. Dada hakumkaribisha kiti.

"Dada, mambo yamekua. Siwezi tena kuamua peke yangu."

"Nani kakuomba uamue peke yako? Nakuuliza kama ulisema."

"Sikupiga kura."

"Kwa nini?"

"Wasije wakasema nang'ang'ania."

Dada akatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto. Mimi nilianza kuhesabu vifungo ambavyo nilikuwa nimeshavihesabu.

"Mdogo wangu huyu hapa," akasema. "Mwambie yeye hiyo habari ya kung'ang'ania."

Mtaalamu akanitazama, akatazama sakafu, akasema ana mapacha wanamsubiri.

Jumamosi saa tisa alasiri ukafanyika mkutano wa kuzindua rasmi muundo mpya. Tuliutazama kwenye simu yangu, tumeiegemeza kwenye kopo la vifungo, kwa kuwa kutazama ndicho cheo tulichopewa. Katiba alihutubia nusu saa. Akasema ili jumuiya ianze upya kwa usafi, ruhusa zote za zamani zifutwe hapo hapo, kisha zitolewe upya kwa utaratibu. Mtaalamu, kuonyesha kwamba hang'ang'anii, akajifuta wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Zikamwagika picha za makofi. Kisha Katiba akaendesha kijiprogramu alichokiandika, kikapita kwenye orodha ya wote waliowahi kuchangia msimbo na kuwanyang'anya ruhusa mmoja baada ya mwingine, yeye mwenyewe akiwemo.

"Sasa," akasema, "tuwateue Wahakiki."

Wahakiki, kwa mujibu wa ukurasa wa kumi na tisa, huteuliwa na Walezi wawili. Mtu akauliza Walezi ni akina nani. Katiba akafungua ukurasa wa ishirini na mbili, akasoma kwa sauti kwamba Walezi huchaguliwa na Wahakiki. Akasoma tena, polepole zaidi. Halafu kila mtu akabaki anasubiri mwingine aseme funguo ziko kwake.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawa hata msala hawakuwa nao, walikuwa na kurasa thelathini na nane.

Simu ya dukani ililia baada ya dakika ishirini. Nikaiweka kwenye spika.

"Shikamoo, mama," ilikuwa sauti ya Katiba, laini kama hariri. "Naongea na fundi?"

"Marahaba. Unaongea naye."

Ikabidi aeleze, na kueleza kulimchoma. Miaka sita iliyopita, Mtaalamu alipofungua ghala la msimbo, alishauriwa aweke mmiliki wa pili ili yeye akipoteza simu mlango usifungwe. Akamweka dada, akasahau. Akaunti niliifungua mimi, na neno la siri ninalo kichwani. Sasa kile kijiprogramu cha Katiba kilifuta watu waliomo kwenye orodha ya wachangiaji. Dada, kwa kuwa walimhesabu si kitu, hakuwemo. Hakuna aliyemfuta kwa sababu hakuna aliyemkumbuka. Katika watu mia nne alikuwa amebaki mwenye ruhusa mmoja tu duniani, naye alikuwa anapiga pasi ukosi.

"Ni kubonyeza tu mara mbili, mama. Nitakuelekeza."

"Nina mteja," dada akasema.

Hatukuwa na mteja. Akamaliza ukosi, akaupiga pasi upande wa pili, akautundika, akanywa maji. Simu ikawa wazi muda wote huo, na tulimsikia Katiba anavyopumua.

"Haya. Kwanza nani kanifunga mdomo?"

"Samahani, mama?"

"Kule kwenye kundi. Siwezi kuandika."

"Ah. Huo ni utaratibu wa..."

"Ufungue. Kwa wote."

Chumba cha mazungumzo kilikuwa mikononi mwake bado, akakifungua.

"La pili. Wale kumi na saba waliopiga kura, na wewe ukiwemo, kila mmoja atafute futi ya fundi. Apimwe na mtu mwingine, asijipime. Kuanzia shingo inapokutana na bega mpaka ncha ya bega. Kulia, halafu kushoto. Waandike hapo kwenye kundi, kila mtu na namba zake."

"Mama, kwa heshima zote, uamuzi wa kamati ulishapita."

"Sijasema haukupita. Nasema mpimwe. Mkimaliza nitabonyeza."

Kulikuwa na minong'ono ya uporaji wa madaraka. Mmoja akaandika kwamba huu ni udikteta wa cherehani, nikamsomea dada, akafurahi kweli. Lakini watu wakapimwa. Wangefanya nini? Kwa kuwa chumba kilikuwa wazi, hata ambao hawakuombwa walijipanga. Namba zikaanza kudondoka. Kulia tano na nusu, kushoto tano na robo. Kulia nne na robo tatu, kushoto tano kamili. Mmoja akaandika sawa kwa sawa pande zote, kisha akarudi na masahihisho kwamba mkewe amempima tena na kumwambia aache kujikaza kama yuko kwenye gwaride. Mwingine aliapa futi yake ni mbovu, akaazima ya jirani, ikampa namba zilezile. Ilipofika saa kumi na mbili, kumi na sita kati ya kumi na saba walikuwa wameandika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mabega yanayolingana.

Katiba alikuwa wa mwisho. Hakuandika, alipiga simu.

"Mama, mimi la kulia limezidi kwa robo tatu ya inchi."

"Robo tatu nyingi. Unabeba begi?"

"La mafaili. Miaka kumi na nane. Nimewahi kugombana na mafundi watano kuhusu makoti yangu. Mmoja nilimwandikia barua ya madai."

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Mwandikie nyingine."

Akacheka, cheko fupi la mtu aliyekamatwa, kisha akaenda kuandika namba zake kwenye kundi mbele ya watu wote, na chini yake akaandika kwamba anaondoa pendekezo la bega moja. Akaongeza kifungu, maana mtu haachi asili: kipimo chochote kisiondolewe kabla wanaokata vitambaa hawajapiga kura, na kura zao zisihesabiwe kwa mistari ya msimbo. Dada akanikabidhi simu, nikambonyezea. Mtaalamu akarudishiwa ruhusa, Katiba akapewa, na mama mmoja fundi wa suti ambaye hajaandika mstari hata mmoja akapewa pia. Ruhusa yake mwenyewe dada aliibakiza. Kamati kumi na moja zilibaki tatu wiki iliyofuata, na ile ya Kuratibu Kamati haikupata hata mtu wa kuizika.

Ila hilo lilikuja baadaye. Jumamosi ile, nilipotaka kufunga simu, dada alikuwa amesimama nyuma yangu na futi shingoni.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Namba zako. Andika."

"Unazijua."

"Mimi nazijua. Andika."

Miaka sita nimeandika humo, na yote ni maneno yake. Nilitaka kuweka utani mbele, nikaufuta. Nikaandika: mimi ni mdogo wake fundi, kulia tano na robo, kushoto nne na nusu. Nikatuma, nikaifunika simu juu ya meza.

Nilipoifunua hakuna aliyesema chochote. Chini yangu mtu mwingine alikuwa ameshaandika za kwake, na chini yake mwingine, na ikabidi nisogeze ukurasa juu ili nizione zangu.