Mabomba ya Mingoyo na Maji ya Mama Mkwe

Mkasa huu nimeuficha miaka mingi, na hata leo nausimulia nikiwa nimeinamisha macho, maana aliyeniaibisha si adui wala shetani, ni mimi mwenyewe na roho yangu ya kijicho.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa nilikuwa dereva wa Landrova ya wilaya pale Kilwa Masoko, na dereva wa Landrova wakati ule alikuwa mtu, watu wanakusalimia kabla hujawaona. Basi ningeridhika, kama si Saidi. Saidi aliendesha Landrova ya idara ya afya, gari lile lile kama langu, ila yeye alikuwa ametoa manifoldi (kile chuma kizito cha kiwandani kinachopokea moshi wa moto kutoka kwenye injini) akafunga mabomba manne ya kuchomelewa, kila tundu la injini na bomba lake. Wenyewe tulisema gari linapumua vizuri. Kwenye mchanga lilikuwa linapanda kama halina mzigo, na mlio wake, jamani, mzito, wa kifua, unausikia Nangurukuru kabla hujaona vumbi. La kwangu lilikuwa linanung'unika tu kama mzee mwenye mafua.

Ningevumilia hata hayo. Lakini jioni moja tunakula, Saidi akapita barabarani, mke wangu Zuhura akainua kichwa akatabasamu, akasema, "Gari ya Saidi ikipita huna haja ya kuuliza nani kapita." Basi. Akaendelea kula. Mimi usiku mzima nikawa nageuka kitandani, najiuliza kwa nini alitabasamu.

Sasa bahati (mbaya, nilikuja kujua baadaye) manifoldi yangu ikapata ufa. Mzee wa stoo akatafuta, akanitolea mpya kabisa, ya kiwandani, ndani ya boksi lake, bado ina mafuta ya kuzuia kutu. Akaniambia niifunge siku hiyo hiyo, maana vipuri vilikuwa adimu na nyingine hakujua itakuja lini. Nikaitikia, nikalisukuma boksi chini ya kitanda. Wiki ile nilitumwa Lindi, nikateremka mpaka Mingoyo kwa fundi mmoja wa kuchomelea, nikamwambia nataka kama ya Saidi, ila ya kwangu yalie zaidi. Fundi, mtu mwaminifu, alinionya kwamba bomba alilonalo ni jembamba, chuma cha kiwandani ni kinene, kinastahimili moto na mitikisiko na maji, haya mabomba yake yanataka kutunzwa. Nikamwambia, "Wewe choma tu."

Kurudi Kilwa nilikuwa mfalme. Gari lilinguruma, likapanda, nikapita mbele ya nyumba ya Saidi mara tatu bila shughuli yoyote. Zuhura alitoka mlangoni, akasema kelele zinamwamsha mtoto. Hata hilo nikalipokea kama sifa.

Ikaja siku ya mkutano wa kijiji kipya jirani na Kinjumbi, ambako ndiko kwao Zuhura, na mama yake alikuwa miongoni mwa waliohamia. Mwenyekiti wa wilaya alikuwa aende kuwahutubia. Dereva mwingine alishapangiwa safari hiyo, mimi nikambembeleza tubadilishane, kwa sababu nilitaka mama mkwe asikie mkwewe anavyoingia. Saidi naye alikuwa ametangulia na wauguzi.

Njiani nililikimbiza gari mno. Tukafika kwenye kijito, maji ya magotini, na mabomba yangu yalikuwa yamepata moto hadi yamewiva. Dereva mwenye akili angesimama yapoe kwanza. Mimi nikaingia nayo vile vile. Nikasikia tssss, halafu ta, ta, ta, ndiyo mishono ya fundi inaachia mmoja baada ya mwingine. Tulipotoka ng'ambo kelele hazikuwa ngurumo tena, zilikuwa kama mtu anagonga debe kwa nyundo masikioni mwako. Mwenyekiti, mtu mpole, akaniinamia akaniambia hatuwezi kuingia mkutanoni hivyo, nipunguze huo mlio.

Hapo ningekiri, tutembee kwa miguu, ilikuwa imebaki kama nusu maili. Badala yake nikachukua gunia la katani, nikalilowesha kijitoni, nikayafunga nalo mabomba kwa waya. Kelele zikapungua kweli. Nikajiona fundi.

Gunia lilikauka kabla hatujafika.

Watu walikuwa wamejipanga, kina mama upande mmoja na mgambo upande wa pili na bunduki zao za mbao, wamenyooka. Nilipotoa mguu kwenye mafuta ili niingie taratibu, moshi wenye petroli uliokuwa umekwama ukalipuka ndani ya mabomba, mlipuko mmoja mkubwa na miwili midogo nyuma yake. Nisitie chumvi: miaka ile kusini huku watu walikuwa na masikio mepesi, vita ya jirani ng'ambo ya Ruvuma haikuwa mbali. Mgambo wote walilala chini kama walivyofundishwa. Kina mama wakakimbilia kwenye mihogo. Na Mwenyekiti, Mungu amrehemu, nilipogeuka sikumwona, alikuwa amejikunja chini ya dashibodi na kofia yake.

Halafu boneti ikaanza kutoa moshi.

Saidi alikuwa wa kwanza kufika, anachota mchanga kwa mikono miwili, ananiambia kwa sauti ya chini, "Mchanga, Issa, usitie maji." Na mimi, wallahi, nilijua anasema kweli. Lakini kuokolewa na Saidi, pale, mbele ya wakwe? Nikapaza sauti nikaagiza maji. Kina mama wakarudi kutoka kwenye mihogo, wakaleta mitungi sita iliyokuwa imewekwa kivulini kwa ajili ya wageni, na mimi nikaimimina yote, mmoja baada ya mmoja, juu ya mabomba yaliyowiva. Yakapasuka, mawili yakaanguka chini mbele ya kila mtu. Gunia likaendelea kuwaka. Saidi akalizima kwa mchanga.

Nikabaki nimeshika mtungi mtupu. Aliyekuja kuupokea alikuwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba." Akautazama mtungi ndani. "Maji haya tumeyafuata tangu alfajiri. Kisima bado hatujapata."

Hakusema kwa ukali. Angegomba ningepona haraka.

Mkutano ulifanyika, wageni hawakunywa kitu. Mwenyekiti alirudi Kilwa kwenye gari la Saidi, akaniambia tu kwamba tutaongea. Mimi nikabaki na Landrova yangu siku mbili, nalala kwa mama mkwe, na asubuhi zote mbili niliongozana na kina mama kwenda kuchota maji, mwanamume peke yangu na ndoo kichwani, wasichana wakicheka kwa adabu, yaani kwa kugeuza uso.

Siku ya tatu Saidi akaja na lile boksi, amelichukua kwa Zuhura. Tukafunga manifoldi pamoja, hakunisimanga hata kidogo, na ndilo lililoniuma zaidi, maana kumchukia kukawa kugumu. Mwishowe nikamuuliza mwenyewe, mbona mabomba yake hayapasuki. Akacheka.

"Yanapasuka kila mwezi," akasema. "Kila mto nasimama nusu saa yapoe, wauguzi wananinunia. Manifoldi yangu ilivunjika mwaka juzi, stoo hawakuwa na nyingine. Nilisikia wewe umepewa mpya ndani ya boksi, siku hiyo sikula vizuri."

Nilipewa onyo la maandishi, nikatolewa kwenye safari za wakubwa, nikabeba mbegu za korosho mwaka mzima. Nilistahili. Wivu sijaupona, nisiwadanganye, bado roho inanichoma nikiona kizuri cha mtu. Ila nimejiapia kitu kimoja: kabla sijakitamani, namwendea mwenye nacho, nakaa naye, namuuliza kinamsumbua wapi. Huwa ananiambia.