Siku Nyani Aliposikiliza Kesi ya Mai Tapfuma

Mai Tapfuma, yaani mama yake Tapfuma, huongea mbio. Ukimwuliza ameamkaje, atakupa ya kuamka kwake, ya kuku wake na ya mgongo wa jirani yake kabla hujafunga mdomo. Watu wa bonde letu humcheka. Mimi huwaambia wacheke taratibu, maana na wao wangekuwa na kesi mbele ya Sabhuku Gwatidzo wangejifunza kuongea mbio vilevile.

Sabhuku ndiye mkuu wa kijiji. Huyu wetu alikalia kiti angali na meno yote, na sasa meno yamekwenda, macho yamefifia, kilichobaki ni usingizi. Mlalamikaji akifika kwenye "basi ndipo", kidevu cha mzee kishalala kifuani. Na kwetu hakuna wa kumwamsha mkuu. Husemwa anashauriana na wahenga. Watu hupiga makofi polepole, wakanyanyuka, wakaondoka kwa kunyata, na kesi ikarudi nyumbani na mwenyewe. Mashauriano gani hayo ya kukoroma? Mimi ni mtani wa ukoo wake, nina ruhusa ya kumtukana hadi siku ya kumzika, na siku moja nikamwambia: "Wewe mzee, wahenga wamekuchoka. Kila siku hodi, kila siku hodi, na kuhamia huhamii!" Akacheka mpaka akapaliwa. Ndiyo shida ya utani, watu wanaucheka na hakuna anayeufuata.

Kesi ya Mai Tapfuma ilikuwa ya bustani. Marehemu mumewe alimwachia kipande kando ya kijito, udongo mweusi, migomba yake inainama kwa uzito. Siku ya kugawa urithi, desturi yetu ni kwamba mjane anampa fimbo ya marehemu yule mwanamume atakayemrithi. Shemeji yake, Zvandasara, alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati jipya, amejiweka mbele kabisa. Mai Tapfuma akampita na fimbo kama anapita kisiki, akaenda kumpa mwanawe wa kumzaa, Tapfuma. Maana yake sirithiwi na mtu, nitalea mtoto wangu. Ni halali kabisa, hata wazee walikubali. Lakini Zvandasara hakulisahau lile shati jipya. Baada ya mavuno akaizungushia bustani uzio wa miiba, akatangaza kuwa ardhi ya kaka yake hailimwi na mwanamke mwenye kiburi.

Tangu hapo mama wa watu akawa analima nyuma ya nyumba, juu ya mawe, mboga zinatoka mojamoja kama nywele za mzee. Mtoto anataka ada, anataka chakula, na uzio umesimama. Kila baraza alikwenda, na kila baraza mzee alilala. Ndipo alipojifunza kuongea mbio, ili afike mwisho kabla ya usingizi. Hakuwahi kufika.

Sasa nyani. Ukoo wa sabhuku ni Soko, watu wa nyani. Hawamli, hawamuui, na jina lake ndilo la heshima kwao. Ukimwamkia mkuu unamwita Soko, au Mpanda-miti. Kwa hiyo nyani wa milima yetu wanakula mahindi yetu kwa raha zao na sisi tunawatazama. Alikuwepo dume mmoja mkongwe, sikio limechanika, aliyefukuzwa na madume vijana. Akahamia kwenye mwamba ulio nyuma ya baraza. Mzee akawa anamwachia maganda ya viazi na kumjulia hali kila asubuhi: "Umeamkaje, ndugu?" Nyani humjibu, "Hmm." Hiyo "hmm" ndiyo hiyohiyo anayoitoa mzee barazani anapokuwa macho.

Asubuhi ya baraza ukungu ulishuka mzito, huoni ng'ombe mpaka akukanyage. Nilikuwa jikoni kwangu nakoroga uji wa siagi ya karanga. Mara sabhuku huyo, anaingia bila koti lake la ukuu.

"Mtani, kuna uji?"

"Kwa wezi haupo. Koti lako liko wapi na baridi hii?"

"Nimeliacha kitini. Nilitoka kujisaidia, harufu ya uji ikanishika."

Nikampakulia. Alikuwa kwenye bakuli la pili tuliposikia makofi kutoka barazani, yale ya heshima, ya wanaume na ya wanawake. Akashusha kijiko.

"Leo ni baraza?"

"Ndiyo, baraza."

"Sasa wanampigia nani makofi?"

Nikamtazama. Akajipapasa kifua. "Mimi niko hapa?"

"Kwa jinsi uji unavyopungua, uko hapa."

Tukaondoka, yeye ameshika bega langu, na kwa mwendo wake ule mambo yote yalikuwa yamekwisha tulipofika. Yaliyotokea niliambiwa na waliokuwepo, ambao mwanzoni hakuna aliyetaka kusema na sasa hakuna unayeweza kumnyamazisha.

Nyani alikuwa ameona koti, akaona baridi. Akapanda kitini, akajifunika, kola mpaka masikioni. Na kwetu mkuu hatazamwi usoni. Unaingia umeinama, unakaa, macho chini. Watu wakaingia ndani ya ukungu, wakainama, wakapiga makofi. "Soko! Mpanda-miti!" Nyani akasema, "Hmm." Baraza likawa limefunguliwa.

Mai Tapfuma akaanza, mbio kama kawaida. Akafika "basi ndipo", hakusikia mkoromo. Akaeleza fimbo, akaeleza uzio, bado kimya. Akafika mwisho wa maneno yake na muda ukambakia, asijue aufanyie nini. Alfajiri alikuwa amepenya miiba akakata mkungu wa ndizi mbivu, aulete kama ushahidi wa kazi ya mikono yake. Akapiga magoti, akausogeza mbele. Mkono ukatoka kwenye koti, ukachukua.

Jamani! Mkuu akipokea kitu chako kwa mkono wake, kwetu kesi imekwisha. Zvandasara akarukia mbele na jogoo kwapani, apokelewe na yeye. Jogoo akapiga kelele. Nyani akafunua meno, akambwekea bweko moja la kupasua masikio, na Zvandasara akarudi kinyumenyume akiomba msamaha. Wazee wakanong'onezana kuwa mkuu leo kaamka na nguvu za ujana. Mjumbe wa baraza akatangaza: "Mkuu ameamua. Bustani ni ya mjane."

Hapo ndipo tulipotokea. Mzee akasogea mpaka kitini, akakaza macho.

"Ndugu," akasema, "hicho ni kiti changu."

Vichwa vyote vikainuka. Nyani akashuka bila haraka, koti likaanguka, akaubeba mkungu wake akapanda mwambani.

Zvandasara ndiye wa kwanza kupata sauti. "Soko, hukumu ifutwe! Mnyama hawezi kuhukumu watu!"

"Umejua saa ngapi kuwa ni mnyama?" mzee akauliza.

"Niliona miguu, Soko. Ina manyoya."

"Uliiona lini?"

"Tulipokuwa tunasalimia."

"Na bado ukapiga makofi?"

Zvandasara akamgeuza jogoo kutoka kwapa hili kwenda lile. "Nilidhani ni uzee, Soko."

Mzee akawauliza na wengine. Wote walikuwa wametazama chini, kwa hiyo wote walikuwa wameiona miguu. Mjumbe alidhani ni soksi za sufu. Mzee mmoja akasema yeye hakulelewa kujadili miguu ya wakubwa. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini.

Sabhuku hakucheka. Alimgeukia mjane. "Na wewe, mama? Wewe pia ulidhani ni uzee?"

Mara hii Mai Tapfuma hakuongea mbio. "Hapana, Soko. Nilijua si wewe."

"Kwa miguu?"

"Miguu sikuitazama. Nilifika mwisho wa kesi yangu na alikuwa bado macho."

Nikaacha kucheka. Miaka yote nimemtukana mzee huyu kwa ruhusa ya mababu, sijapata kumwambia neno zito kama lile, na wala halikuwa tusi. Nilimwonea huruma, nikatamani nimshike mkono nimrudishe kwenye uji wake.

Akaketi kitini. Koti aliliacha palepale chini.

"Yule," akasema, akielekeza kidole mwambani, "vijana wake walipoona amechoka walimwonyesha meno, akaelewa. Mimi mmenipigia makofi." Akajifuta macho kwa kiganja. "Mai Tapfuma, anza upya. Mtani, kaa hapa karibu yangu. Nikisinzia, nifinye."

Mai Tapfuma akaanza upya, taratibu, neno baada ya neno, na watu wakajua kumbe anaweza. Mimi nilifinya. Kwenye fimbo nilifinya, kwenye uzio nilifinya sana, na mzee hakulalamika. Mama alipofika mwisho, mzee aliuliza maswali mawili ya maana, akasema bustani ni ya mjane na mwanawe, na uzio utaondolewa na aliyeuweka, mwiba kwa mwiba. Kisha akamwambia mjumbe aliokote lile koti alipeleke kwa mtoto wa mdogo wake yeye mzee, ambaye baraza lijalo ndiye atakayekaa pale.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee aliniegemea begani tukarudi jikoni kwangu, mkono wake umejaa alama za kucha zangu, akaniuliza kama uji umebaki.