Mringaringa wa Baba na Hoho za Mdogo Wangu

Mama yangu hakuwahi kuamini kwamba kuna mmea unaochukia kivuli. Kwake yeye kila kitu cha maana kiliota chini ya kitu kingine. Kahawa ilikaa chini ya migomba, migomba chini ya mti mkubwa wa mringaringa, magimbi pale mfereji unapopita, na sisi watoto chini yake yeye. Alizaliwa kwenye kihamba na akaolewa kwenye kihamba, na shamba la nyumbani kwa Wachagga lilikuwa hivyo tangu enzi za babu zake. Ukimwambia kuna mmea unataka jua tupu, alikutazama kama umesema kichanga kilazwe nje.

Nayasema haya ili ijulikane ugomvi ulianzia wapi, maana majirani wamesema mengi na mengi ni uongo mtupu.

Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa ilipoporomoka, wanunuzi binafsi wakaanza kupita na mizani zao, na vijana wa mlimani wakawa wanateremka Mererani kuchimba madini. Baba alishafariki. Kihamba kilibaki kwa mdogo wangu, kwa sababu kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba, na mama humo ndani. Mimi nilikuwa nimeolewa, nakaa Pasua, kule mjini, nauza mboga sokoni. Kila nikipanda kuwasalimia nilikuwa nawaambia, jamani, mjini siku hizi watu wanataka hoho. Mama lishe wanazitaka, hoteli zinazitaka, wapishi wa harusi ndio usiseme. Mdogo wangu akalidaka hilo neno.

"Mama, nikipata hoho, Mererani siendi," alisema.

Mama alisikia Mererani tu. Kijana wa jirani yetu alikuwa ameingia shimoni huko na hakutoka, na mama yake tulimwona kila Jumapili kanisani amekaa peke yake kwenye benchi la mwisho.

"Otesha," mama akasema. "Otesha pale chini ya mringaringa, kwenye udongo mzuri."

Ule mringaringa baba aliuotesha mwenyewe alipopewa kihamba na baba yake. Ulikuwa mkubwa hasa, umefunika kahawa zote za upande wa juu, na majani yake yakidondoka yanageuka mbolea bila mtu kunyanyua koleo. Mdogo wangu akaandaa kitalu, miche ikatoka vizuri, akaihamishia pale. Halafu akafanya alichofundishwa na baba. Akaitandazia majani ya migomba, manene, mpaka kwenye shina, na kila zamu yetu ya maji ilipofika akaufungulia mfereji. Ndivyo tunavyotunza kahawa, na hakuna aliyewahi kutufundisha kutunza kingine.

Hoho zikarefuka. Mama akafurahi, akaniambia, unaona zinavyopenda? Hazikupenda chochote. Zilikuwa zinalitafuta jua. Shina jembamba, majani mapana yamelegea, maua yanatoka asubuhi na jioni yako chini. Nyingine zikaoza pale pale shina lilipogusa majani ya migomba. Tulivuna kikapu kisichojaa, hoho zenyewe kama vidole vya mtoto.

Mdogo wangu akateremka tambarare kuwaangalia wanaozilima, akarudi mkali. "Mama, kule shambani hakuna hata mti mmoja. Jua kuanzia asubuhi mpaka linazama."

Nilikuwepo siku hiyo, namenya ndizi. Nilimsikia akimweleza kwa upole kabisa, nisimwonee. Kwamba mringaringa mizizi yake imeshuka chini sana, ukishakua unataka uachwe tu, utaupogolea matawi mara mojamoja na basi. Hoho mizizi yake iko juujuu, inataka uende kila siku, maji kidogo kidogo kwenye shina, isikauke na isisimame kwenye tope, na juu yake pasiwe na kitu. Ukiusubiri mringaringa unazeeka nao. Hoho ukiziacha wiki moja huzikuti.

"Basi hicho chakula gani," mama akasema, "kisichoweza kuachwa wiki moja?"

"Mama, mti uko palepale na mimi niko palepale. Sisi wawili hatuenei."

Mama akanyanyuka akaingia ndani. Yaliyofuata yalikuwa mabaya. Walikaa nyumba moja hawasemeshani, chakula kinaachwa mezani kimefunikwa, kila mmoja anakula kwa wakati wake. Nilipopanda tena nilikuta begi la mdogo wangu limefungwa, liko nyuma ya mlango. Nilimfokea, nikamfokea na mama pia, haikusaidia kitu.

Asubuhi yake alipolichukua lile begi, mama alikuwa amesimama uani ameshika jani la isale.

Kwetu isale ndiyo inayoomba msamaha. Mtu akikuletea jani lile, hata kama alikuchomea nyumba, unapokea. Lakini anayeleta huwa ni mdogo kwa mkubwa, mkosaji kwa aliyekosewa. Mama kumpelekea isale mtoto aliyemzaa, mimi sikuwa nimeona, na sikutaka kuona. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

"Ukate," akamwambia. "Ukate, ubaki."

Mdogo wangu alipokea kwa mikono miwili, analia.

Wapasua mbao wakaja, mmoja juu mmoja chini, wakauangusha na kuupasua. Mama alikwenda kushinda kanisani mpaka walipomaliza. Na kweli, hoho zikakubali. Fupi, nene, zimejaa, zinang'aa, nilikuwa nazimaliza sokoni kabla ya saa sita. Mdogo wangu akawa mtu wa kucheka tena. Ila kahawa za upande ule zilipigwa na jua ambalo hazikuzaliwa nalo. Zilizaa kupita kiasi, matawi yakakauka kuanzia nchani, majani yakawa ya njano. Mama alizing'oa mwenyewe moja moja, na alikuwa amezipanda na baba.

Halafu mlima mzima ukaotesha hoho. Kila mtu akaangusha mti wake. Sokoni zikafurika mpaka watu wakawa wanaziruka kama mawe, na mimi mwenyewe nilikuwa nazimwaga jioni nikiona uchungu.

Mdogo wangu alikuja kwangu Pasua asubuhi moja, na lile begi. Akanywa chai. Nikajua anateremka Mererani.

"Ulipokea isale," nikamwambia.

"Nilipokea, dada. Nimemsamehe. Lakini sina cha kula." Hakuniangalia. "Mwambie nitakuja Krismasi."

Kumwambia mama kazi hiyo nilifanya mimi. Akauliza kama mwanawe alivaa sweta.

Krismasi kwetu hata aliyeko mbali vipi anarudi mlimani. Magari yanapanda, moshi wa kuchoma nyama kila uani. Mama alikuwa amemwagilia zile hoho tangu mwanawe alipoondoka, na kopo, kila asubuhi, mgongo umepinda, kanga kichwani kwa sababu pale hapakuwa na pa kujificha tena. Alinikataza nisizichume. Alitaka mwanawe azikute mtini azione. Zikapita kijani, zikawa nyekundu, zikaanza kusinyaa. Watu wakarudi makwao, mwaka ukageuka.

Nilimkuta shambani. Nikamwambia, mama, twende Pasua, nina chumba, acha haya mateso. Nilikuwa na hasira na yule mtoto.

"Nikiondoka akija akakuta pamekauka?" akasema. "Si ataona nilimkatia mti bure."

Mdogo wangu hajarudi mpaka leo. Mama hajawahi kuonja hoho, anasema harufu yake inamchefua, na kila msimu anaotesha.