Msafiri Aliyelala Pangoni

Kaanaeli, fundi cherehani wa Kijenge, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hadithi. Jumapili wenzake wakitoka kanisani wanakimbilia mpira; yeye na mkewe Tekla wanafuta meza ya kukatia nguo, wanawasubiri Hans wa dukani na Lemayian wa Ngaramtoni, wacheze safari. Mchezo wenyewe waliachiwa na mwalimu mgeni aliyerudi kwao: kitabu chembamba na dadu moja. Kaanaeli anasimulia, wengine wanasema wasafiri wao wanafanya nini, dadu inaamua. Basi! Kila msafiri alikuwa kifungo cha shati au koti, na alibeba jina la mchezaji mwenyewe. Mtu asipofika, msafiri wake analala pangoni, haguswi, mpaka siku Kaanaeli atakapomwamsha kwa kumwita jina mbele ya wote.

Kifungo cha Lemayian kilikuwa cha pembe, kiling'oka kwenye koti kuukuu. Huyo bwana alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Na msafiri wake, jamani, hakujali hazina wala ufalme, kila akiulizwa anakwenda wapi, jibu ni lile lile: "Natafuta njia ya nyumbani."

Ikaja miaka ya biashara huria. Mitumba ikamwagika, watu wakaacha kushonesha, cherehani ya Kaanaeli ikabaki ya kupunguza suruali za Wazungu. Hans mambo yalimnyookea, akaleta kutoka Nairobi toleo jipya la mchezo: vitabu vinene, Kiingereza kitupu, majedwali kila ukurasa. Kuruka mtaro tu, mnasoma mpaka chai inapoa! Lemayian, ambaye Kiingereza kilimpiga chenga, alivumilia, akavumilia, kisha akaacha kuja. Tekla akawa anasinzia mezani. Mwishowe hata Hans mwenyewe akapotelea kwenye shughuli zake. Mchezo ukafa hivi hivi, bila hata ugomvi.

Kaanaeli ilimuuma, na miaka haikuyapoza maumivu. Alikuwa anapinda suruali huku ananong'ona habari za pango.

"Baba Princess, unaongea na nani?" Tekla akamuuliza siku moja.

"Na watu wangu. Mama Princess, turudie ule wa zamani, wa dadu moja. Vitabu vya Hans tuviweke chini ya mguu wa kabati."

Tekla akacheka, akakubali. Hans aliitwa, akasema ataangalia, na sisi tunajua maana ya kuangalia. Siku ya soko Kaanaeli akamtuma mama muuza maziwa wa Ngaramtoni: mwambie Lemayian aje Jumapili, tunacheza kama zamani.

Jumapili hakuja Lemayian. Alikuja mwanamke mrefu, amejifunga shuka, ana macho yale yale ya Lemayian.

"Shikamoo, kaka. Naitwa Nkasiogi. Uliyemwita ni ndugu yangu. Hayupo. Homa ilimchukua kabla ya mvua."

Kaanaeli alilia, ndiyo, fundi mzima, mbele ya mgeni. Nkasiogi akasubiri amalize. Kisha akafungua pindo la shuka, akaweka mezani kile kifungo cha pembe.

"Alikuwa anatusimulia jioni tukikama ng'ombe. Alisema msafiri wake hajafika nyumbani. Nimekuja nimfikishe. Nifundishe."

Hapo ndipo unaona wema wa mchezo wa zamani: kumfundisha hakukuchukua hata muda wa chai kuchemka. Tekla akaweka kifungo chake chekundu. Kaanaeli akataka kufanya kila kitu sawasawa, kwa heshima zote. Kwao Machame marehemu huitwa. Mjukuu hupewa jina la babu, na jina linaitwa uani kutwa ili mzee asipotee. Wala hakugundua kwamba tangu aingie, Nkasiogi hakumtaja ndugu yake kwa jina hata mara moja. Akasimama, akaita kwa ile sauti yake ya zamani:

"Lemayian! Amka, twende!"

Dadu ilimponyoka Nkasiogi, ikaanguka sakafuni.

"Kaka," akasema taratibu, "kwetu aliyekufa haitwi. Hata mama hajalitamka jina hilo tangu tumzike."

"Nisamehe, sikujua! Tuanze upya, sitamtaja..."

"Najua hukujua. Ulimpenda. Lakini siwezi kukaa."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Kaanaeli zaidi. Akaenda zake. Kifungo hakukichukua.

Kwa sheria zao, msafiri asiyeitwa hatembei, na asiye na mwenyewe hasogezwi. Potelea mbali sheria! Kaanaeli akaweka kidole juu ya kifungo, akakitoa pangoni, akakivusha mto, akakipeleka hadi ukingo wa meza, pale walipokubaliana zamani kuwa ni nyumbani. Midomo aliifunga muda wote, na Tekla alimshika bega.

Siku ya soko alimtafuta yule mama wa maziwa. "Mwambie Nkasiogi, amefika."

"Nani amefika?"

Jina lilimfika Kaanaeli mdomoni, akalimeza.

"Wewe mwambie hivyo tu, mama," akasema. "Atajua."